Bibi Yangu Si Mke Wangu

Jumatano, 19 Julai 2017

Marshalltown, kando ya roboti — ndivyo wanavyoziita huku kusini mwa bara taa za barabarani. Saa tatu asubuhi. Umande umeganda juu ya magari. Vidole havitii. Baridi inakaza nyuzi za gitaa, sauti inapanda. Nalinganisha, nalinganisha tena. Watu wa maofisini wanatukwepa kama dimbwi.

Gradi anaimba. Kijana wa Lubumbashi: sauti nzuri, ulimi wa hovyo. Nimemfundisha wimbo wangu, niliomtungia bibi aliyenilea Kigoma, akafa nikiwa huku. Unaanza: "Bibi yangu, kiti chako kimebaki kitupu." Maneno sita tu! Yeye akaimba: "Bibi yangu, kitanda yako iko baridi."

Kitanda! Yako!

Nikaukata wimbo katikati, nikamsahihisha pale pale. Ni kiti, si kitanda. Na hata kingekuwa kitanda, ni "chako". Wasusi wawili waliosimama kusikiliza wakacheka. Gradi akanigeukia, akaniita mzee kwa Kifaransa chake: "Vieux, batu banakufa na baridi, weye unahesabu ki na vi!"

Wakacheka zaidi. Sijasahau nyuso zao.

Jumamosi, 22 Julai 2017

Mazoezi Troyeville, katika chumba cha ushonaji cha Mama Marcelline, anayeandaa tamasha la Jumapili ya wiki ijayo. Nimetoa sharti: maneno yangu jukwaani, au wimbo hauimbwi.

Gradi akashangaa. Kwao bibi ni mke. Mama wa mama yako ni nkambo. "Nani atalilia nkambo yake vile?" Kumbe! Mwezi mzima namfundisha, naye anadhani nimefiwa na mke. Nimefundisha Kiswahili shuleni miaka thelathini na mmoja, na sikuuliza.

Mama Marcelline akaamua, sindano mdomoni: "Papa Mwalimu, ya Gradi inaingia mu roho. Yako inaingia mu daftari."

Nimeondoka bila kuaga.

Jumatatu, 24 Julai 2017

Sijatoka chumbani. Mtaa wetu wote wa Berea unakohoa. Gradi ameleta ujumbe: nisipokuja, Gaël atapiga gitaa. Gaël! Anapiga gitaa kama mtu anayefukuza kuku.

Ijumaa, 28 Julai 2017

Nimerudi mazoezini. Sijasamehe. Gradi ameapa mbele ya Mama Marcelline kwamba ataimba "kiti chako". Nikamtaka arudie mara tatu. Mara ya tatu akasema "kiti yako". Nikamsahihisha. Akatupa kofia yake chini.

Jumapili, 30 Julai 2017

Naandika nyuma ya pazia, wakati wa mapumziko. Saa kumi na moja jioni. Ukumbi umejaa, joto la watu limelegeza nyuzi zote.

Gradi alishika kipaza sauti, akawatangazia: "Wimbo huu ni wa huyu mzee. Bibi yake alikufa." Sentensi sahihi kabisa! Hakuna kosa hata moja la kumshika nalo. Na ukumbi mzima ukaelewa: mke.

Kisha akaimba kitanda. Mwongo! Nikainua mkono kutoka kwenye nyuzi ili nimkatize, taa zote usoni mwangu. Mwanamke wa safu ya mbele alikuwa amesimama, analia wazi wazi. Mkono ukarudi kwenye nyuzi. Sijui kwa nini. Naandika tu kilichotokea.

Baadaye wakanipangia foleni. Pole papa. Pole sana, mzee. Mkenya mmoja mwenye tai, Simiyu, akanishika mikono yote miwili, akauliza tulikaa pamoja miaka mingapi. Nikajibu: arobaini na mmoja.

Arobaini na mmoja! Hiyo ni miaka yangu na Tabia, mke wangu. Yuko Kigoma, mzima wa afya. Hatujazungumza tangu mwaka juzi, aliponiambia nirudi nyumbani nami nikamjibu kwamba nina maonyesho.

Na walikuwa wanarusha tamasha moja kwa moja kwa simu zao — wote!

Sasa hivi amepiga. Tabia. Hakunisalimu. Mjukuu amemwonyesha. Akasema amesikia kwamba amekufa. Nikaanza kumweleza: neno "bibi", kwa watu wa Lubumbashi — akanikata. Hataki somo. Anataka kujua kama ni kweli.

Nikamwambia si kweli, wewe u mzima.

Akasema hakuulizia hilo. Ameulizia kitanda, kama ni baridi kweli.

Gradi anapiga pazia kwa kiganja: "Vieux! Banataka Bibi tena! Toka!" Wanapiga makofi kule mbele, kwa mpigo mmoja. Gaël ameshachukua gitaa langu, namsikia akiliharibu.

Simu nimeilaza kando ya daftari. Haijakatwa. Namsikia akipumua. Naandika hapa kwanza, nipate sentensi iliyo sahihi kabla ya kuisema.

Kitanda changu —