Simwinga na Namwinga

Tunduma, Alhamisi

Imekataa tena. Fomu ya mkopo wa chuo inafungwa kesho, na leo kompyuta imeniandikia mara tisa, kwa maandishi mekundu: jina la ukoo halilingani na la baba. Litalinganaje? Baba ni Simwinga. Mimi, kwa kuwa ni mwanamke, kwa desturi yetu Wanyiha ni Namwinga. Ukoo ni uleule! Walioitengeneza hawakumuuliza hata Mnyiha mmoja?

Mwenye intaneti kafe akaninong'oneza, "Dada, weka baba amefariki. Itapita."

Baba, aliyetoka Mbozi asubuhi kunisindikiza, alikuwa amekaa nyuma yangu.

Nikabonyeza. Wekundu ukatoweka.

"Imekubali, mwanangu?" baba akauliza, uso umemchangamka.

Kwenye kioo palikuwa pameandikwa: ambatisha cheti cha kifo.