Sura ya Mama, Sura ya Plasta

Mjukuu wangu Salma,

Salamu nyingi kutoka Khuwair, hapa Maskati. Sote wazima, babu yako magoti tu yanamsumbua.

Umetaka nikueleze sura ya mama yangu, upate kuichora huko chuoni. Skulini Unguja tulijifunza kuchora kwa kutazama kichwa cha plasta, ile kama chokaa nyeupe iliyogandishwa, nakala ya sanamu ya mwanamke wa Kirumi. Siku moja nyumbani nikataka kumchora mama. Akajifunika mtandio usoni.

“Mchore huyo asiye na roho, mwanangu. Mie niache.”

Nikamwacha. Wala picha hakupata kupigwa, mpaka akafa.

Leo nikifumba macho, yule Mrumi nnamwona mpaka ufa wa puani. Mama simpati. Nnauona mtandio tu.

Ukija Maskati, njoo na penseli. Mie sitojifunika.

Bibi yako,
Zuwena