Toleo la Nne Lililotoka Kichwani Mwangu

Jumapili, Agosti, saa kumi na moja na nusu jioni

Upepo haujatulia tangu asubuhi. Umeangusha ndoo mara mbili, umejaza vumbi kwenye sahani nilizokwisha kuosha, na bati la jirani linagonga na kunyamaza, linagonga na kunyamaza. Mimi nami niko hivyohivyo. Nimekaa, nimesimama, nimefungua daftari la Baiolojia nikalifunga. Nimekunywa maji bila kiu.

Basi naandika. Blogu hii ina wasomaji watatu, na nashuku wawili kati yao ni mimi mwenyewe, mara kwa simu ya mama, mara kwa kompyuta ya maktaba. Hapa naweza kusema.

Nimedanganya Kidato cha Tatu B kizima, na kesho watajua.

Wewe msomaji wa tatu, kama upo, nikueleze. Tarishi ni shujaa wa tamthilia inayoonyeshwa Jumamosi jioni. Anapeleka barua kati ya sayari ambazo zimegombana hadi hazisalimiani. Hana bunduki, ana begi tu. Katikati ya paji lake la uso kuna alama ya duara, na hatari ikikaribia ile alama inawaka. Tamthilia haijawahi kusema alizaliwa wapi, wala alama aliipataje. Ndiyo maana mwaka huu wameanza kutoa vitabu vya katuni, vyembamba, vya rangi, vinavyoeleza utoto wake kidogo kidogo.

Hapa Dodoma sijaona duka linaloviuza. Binamu yangu Faraja, anayesoma Dar es Salaam, ananinunulia na kunitumia kwa basi. Toleo la kwanza nilimwazima mtu. Lilirudi bila jalada, na duara la kikombe cha chai juu ya uso wa Tarishi. Tangu siku hiyo siazimi. Nasimulia.

Kusimulia shuleni kwetu si mchezo. Nyuma ya maabara kuna msingi wa tangi ambalo halikuwahi kuwekwa. Saa nne, wakati wa mapumziko, aliyeona muvi au kusoma kitu anapanda juu yake, wengine wanakaa chini na mihogo yao, na anawasimulia tangu mwanzo mpaka mwisho. Sheria ni moja tu: huongezi. Baraka aliwahi kutia helikopta kwenye muvi isiyo na helikopta. Alikamatwa wiki ileile. Mpaka leo anaitwa Helikopta, na juzi hata mwalimu wa zamu alimwita hivyo bila kujua kwamba si jina lake.

Mimi nikiulizwa swali darasani najibu huku natazama viatu. Lakini juu ya msingi ule sauti yangu inatoka. Matoleo matatu nimeyasimulia bila kuongeza hata nukta. Wamenipa jina, Msimulizi. Sikuwahi kuwa na jina kabla ya hapo.

Toleo la tatu liliishia Tarishi akiwa mtoto, anajitazama kwenye kioo cha chombo cha anga, anaiona alama yake kwa mara ya kwanza na kuuliza: nani aliniwekea? Ukurasa wa mwisho. Inaendelea.

Tukasubiri. Faraja akasema la nne limechelewa kutoka.

Sasa nimlete Nyemo, maana bila yeye hakuna hadithi.

Nyemo alihamia kwetu mwezi wa kwanza kutoka Haneti. Anakaa Nkuhungu kwa shangazi yake. Ni hodari wa Hesabu kuliko sisi sote, na kwenye paji lake la uso ana duara dogo la kovu, lile la Kigogo la tangu zamani. Siku hizi hulioni kwa mtu wa rika letu. Tangu alipofika, nilikuwa namwona anasoma kiwiko kikiwa mezani na kiganja kwenye paji, kama mtu anayeumwa kichwa. Mwanzoni nilidhani kweli anaumwa kichwa.

Siku moja wakati tunasubiri toleo, Edna, ambaye hukaa mbele na hucheka kwanza, alisema, “Jamani, tunahangaika nini? Si tumuulize Nyemo? Ndugu yake huyo! Nyemo, mama, nyie mlitua sayari gani?”

Darasa lilivunjika mbavu. Watani wa Wagogo walitania, na wasio watani nao wakatania. Nyemo alilaza paji lake kwenye dawati na hakuliinua mpaka kengele.

Mimi nilitabasamu.

Nimeifuta sentensi hiyo mara tatu, nimeirudisha mara tatu. Nilitabasamu, kidogo, ili nisionekane nimekaa upande mwingine.

Tena bibi yangu anayo alama hiyohiyo. Bibi mzaa mama, wa hukohuko Haneti, amekuja kwetu kutibiwa macho na sasa ni mwezi wa pili. Jina langu la mwisho ni la baba, wa Bukoba, kwa hiyo shuleni hakuna anayejua. Bibi anaangalia Tarishi pamoja nami kila Jumamosi, uso karibu ugonge televisheni. Siku ya kwanza alipomwona alipiga kofi gotini: “Huyu wa kwetu! Tazama paji! Mama yake nani?” Nikamwambia, bibi, ni mtu wa sayari nyingine. Akanijibu, “Na huko pia tumefika.”

Kesho yake, baada ya Edna na utani wake, nilipanda msingi wa tangi na kusema, “Toleo la nne limefika.”

Sikuwa nimepanga. Lilitoka tu, kama chafya.

Nikasimulia. Nikasema Tarishi alizaliwa kwenye sayari ya udongo mwekundu, mvua inayonyesha ikipenda, ng'ombe wengi kuliko watu. Alipokuwa mchanga macho yake yalivimba yakafunga. Bibi yake alitembea siku nzima kumtafuta fundi wa kumwekea ile alama, maana kwao waliamini duara la moto kwenye paji linayaita macho yarudi. Akamshika mtoto mwenyewe wakati anawekewa, akalia yeye kuliko mtoto. Asubuhi macho yakafunguka. Nikasema: kwa hiyo ile si namba wala si silaha. Inawaka hatari ikikaribia kwa sababu ndipo bibi yake alipomshika.

Niliposhuka, hakuna aliyekuwa anatafuna. Helikopta alisema, “Aisee,” akageuka kufuta pua. Edna mwenyewe alisema, “Hilo toleo ni hatari.”

Na Nyemo alikuwa amekaa mwisho kabisa, mikono yote miwili kwenye magoti.

Wiki tatu sasa. Hajaufunika uso tena. Juzi alisimama ubaoni kufanya swali la logarithimu, akageukia darasa na kueleza kwa sauti, paji wazi, jua la dirishani likimpiga palepale. Wapo wanaomwita Tarishi, naye anaitika. Nilikuwa namtazama na kujisikia mtu mwema. Nakiri hilo pia.

Kisha Ijumaa Edna akatangaza kwamba baba yake, aliyekwenda Dar es Salaam kikazi, anarudi Jumapili na toleo la nne. “Msimulizi, kaa mkao wa kula! Jumatatu tunakukagua. Hata koma!” Alikuwa anatania tu. Mimi nikaanza kuhesabu saa.

Leo mama alipotoka kanisani alipitia stendi, akaja na bahasha ya Faraja. Toleo la nne. Nimelisoma nimesimama jikoni.

Hakuna bibi. Hakuna udongo mwekundu. Tarishi alitengenezwa kwenye kiwanda kinachoelea, akiwa ndani ya chupa ya kioo, mmoja kati ya watoto kumi na wawili, na alama ni mhuri wa kiwanda. Chini ya ngozi mna amri za safari zake zote. Hakuwa na mama.

Kibaya zaidi, ni zuri. Kuna ukurasa mzima usio na neno, watoto kumi na wawili wamelala kwenye mwanga wa bluu, na mmoja amefungua jicho. Niliutazama mpaka ugali ukashika chini. Ningependa kuwachukia waliolichora, nimeshindwa.

Lakini nilimfikiria Nyemo akisomewa hilo na Edna kesho. Mhuri wa kiwanda. Hakuwa na mama. Na wote wanageuka kumtazama.

Nikatia toleo kwenye mfuko wa nailoni nikatembea mpaka Nkuhungu, upepo usoni njia nzima.

Nilimkuta uani anabangua karanga na shangazi yake. Nikamwamkia shangazi, akaniitikia, akaniuliza habari za nyumbani, akanisogezea kigoda na ungo wangu wa karanga, kwa sababu kwake hakuna anayekaa mikono mitupu. Kisha akaingia ndani kumbembeleza mtoto. Nilibangua kama kumi hivi kabla sijasema. Nilisema nikiangalia karanga.

Nikamwambia toleo la nne nililosimulia sikulisoma mahali, nililitunga. Nikampa la kweli. Alilisoma lote, taratibu, anarudi nyuma, anasonga mbele. Mwishoni akalifunga.

“Kwa hiyo ulinionea huruma,” alisema.

“Hapana.”

“Ulinionea huruma, ukanitungia bibi.”

“Sikukutungia. Bibi ni wangu. Yuko nyumbani, anayo kama yako. Na ile ya kumtafuta fundi siku nzima ni yake, alinisimulia mwenyewe. Mtoto aliyebebwa alikuwa mama yake mdogo, enzi hizo mchanga.”

Aliacha kubangua. Nilidhani sasa mambo yametengemaa. Mjinga mimi.

“Unaye bibi mwenye alama,” alisema. “Nyumbani. Siku zote.”

“Ndiyo.”

“Siku ile Edna ananicheka, mbona hukusema?”

Nilichukua karanga nyingine, nikaibangua. Kuku alipita akadonoa ganda, akaliacha.

“Nilikuona,” alisema Nyemo. “Nilikuwa nimelala kwenye dawati lakini kabla sijalala nilikuona. Ulicheka na meno hukuonyesha.”

Nikasema, “Nisamehe.” Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Alivuta ungo wake karibu, tukaendelea kubangua. Nikamuuliza anataka nifanye nini kesho. Nikamwambia naweza kumwomba Edna anipe toleo lake nisimulie mimi, niruke ule ukurasa wa mhuri. Naweza hata kuumwa, nisiende shule.

Hapo alinikasirikia kweli. “Umalize kudanganya kwa kudanganya? Panda useme. Watakuita jina lolote, utaitika. Mimi nimeitika mangapi?”

Kisha, nilipokuwa nimeshasimama kuondoka na karanga za shangazi kwenye mfuko, akaniita nirudi.

“Ukisema ulikoitoa ile hadithi, mimi usinitaje,” alisema. “Mtaje bibi yako.”

Nimekuwa nayageuza maneno hayo tangu Nkuhungu. Mwanzoni niliona amenipa kitu chepesi, jina moja tu. Lakini nikijaribu kulisema kwa sauti hapa chumbani, nikiwaza sura zile zote zenye mihogo mdomoni, naishia njiani. Kuwaambia nilidanganya nitaweza. Nitaitwa Tangi, au Chupa, au Kiwanda, Helikopta atafurahi kupata mwenzake. Kinachonitisha ni hilo lingine: bibi yangu ni Mgogo wa Haneti, ana duara kwenye paji, na siku mlipocheka nilikuwepo. Karibu wiki saba bibi yuko nyumbani, na sijawahi kumleta rafiki.

Sasa hivi nimetoka sebuleni. Bibi amekaa anasubiri mtu amwashie televisheni, ingawa leo si Jumamosi. Nilimwambia kwamba Tarishi, kumbe, hana mama, alitengenezwa kiwandani.

Akauliza, “Kiwanda kipo wapi?”

“Kinaelea, bibi. Juu.”

“Na aliyemshika wakati anapigwa mhuri?”

“Hawajasema.”

“Basi hawajamaliza kuandika,” alisema, akapapasa mkono wangu kwa sababu jicho la kushoto bado linamsumbua. “Una nini? Mkono wako baridi.”

Nikamwomba ruhusa. Nikamwambia kesho nataka kumtaja mbele ya watu, shuleni, yeye na paji lake. Akauliza ni watu wangapi. Nikasema kama arobaini. Akasema nimwambie mama anipe kitambaa chake kizuri ajifunge yeye, nimpige picha niende nayo, maana watu arobaini hawatajiwi bibi wa mdomoni tu.

Picha nimepiga, kwa simu ya mama, mlangoni, ambako mwanga ni mzuri; asubuhi nitapita dukani waichapishe. Hakutabasamu, anasema picha za maana hazitabasamiwi. Kitambaa amekivuta nyuma, mpaka paji lote likawa wazi.

Bati la jirani bado linagonga. Sijui kama Nyemo atakuja kukaa mbele, au mwisho, au hatakuja kabisa nyuma ya maabara. Sijui kiganja chake kitakuwa wapi. Hilo si langu kulipanga, nilishalipanga mara moja.

Langu ni saa nne, juu ya msingi wa tangi, na sentensi ya kwanza nimeshaiandika kiganjani kwa kalamu ya bluu ili nisitazame viatu:

Huyu ni bibi yangu.