Muhula Mtupu wa Neema

Mama Neema mpenzi,

Jana mtoto wetu alipata jibu la chuo kikuu, na mtu wa kwanza niliyetaka kumpigia simu ni wewe. Simu yako yenyewe iko kwenye droo yangu. Basi nimeona niandike.

Unakumbuka walivyomkataa mara ya kwanza, kule chuo kikuu Braamfontein, katikati ya jiji? Mimi niligomba nyumba nzima ikasikia. Wewe ukasema, "Baba Neema, mlango wa mbele umefungwa, zunguka uani." Ukamtafutia kile chuo kidogo hapa Randburg, cha kwenda kwa miguu. Nikadhani umefuata ada nafuu. Kumbe ulishaanza kuumwa, ukamtaka karibu.

Akawa anarudi mchana kukukorogea uji, nawe unamsahihisha kutoka kitandani: "Mabonge haya, dada! Unanilisha au unaziba ufa?" Mnacheka nyote wawili, mimi dukani Kensington nauza mabomba, sijui kitu.

Sasa nikupe hesabu, maana unanijua. Miaka miwili, masomo kumi na sita. Kumi na mawili amefaulu, wastani themanini. Manne ya muhula ule ulipotuacha hakuyafanyia mtihani. Chuo kikaandika sifuri, sifuri, sifuri, sifuri.

Alipoomba kuhamia chuo kikuu, nikakimbilia polisi kugongesha mihuri ya uthibitisho kila nakala ya cheti, si ndiyo desturi ya nchi hii? Daktari Mutua, yule Mkenya wa kwaya anayefundisha huko, alifungua bahasha akacheka mpaka akavua miwani.

"Mzee, umegonga mhuri hadi cheti cha ubatizo! Hawa hawatafuti muumini. Wanataka muhtasari wa kila somo: mada, saa, vitabu. Wanaulaza kando ya wa kwao. Ukifanana vya kutosha, somo linahesabiwa."

"Na alama?"

"Alama zinangoja nje kwanza."

Ndivyo ilivyokuwa, mke wangu. Takwimu, aliyopata tisini na moja, wakaikataa kwa sababu chuo chetu kiliruka mada moja. Sheria ya biashara, hamsini na nane, wakaipokea kwa mikono miwili. Niambie hiyo ni hesabu ya wapi! Hata mimi cheti changu cha ufundi kutoka nyumbani walisema hakina uzito, na nusu ya mabomba ya mtaa huu nimeyafunga mimi. Lakini tuliache hilo. Walimhesabia masomo tisa. Kuingia mwaka wa pili wanadai manane, na anayehamia hawampandishi juu ya hapo.

Kikwazo kikabaki wastani. Ukitia zile sifuri nne, themanini inashuka hadi sitini, nao wanataka sitini na tano. Mutua akasema kamati inaweza kuuweka kando muhula huo, mradi Neema aeleze kwenye usaili kilichotokea.

Akakataa.

"Eish, Baba, simtumii mama kuombea nafasi."

"Hukufeli, Neema. Zile sifuri ni uongo."

"Waache waamini uongo wao."

Tulikuwa kwenye gari. Taa ya robot imewaka kijani zamani, nyuma wanatupigia honi, sisi tunazozana. Ukaidi huo hakuutoa kwangu.

Siku ya usaili nilimsubiri ukumbini, kofia mkononi kama mshtakiwa. Akatoka macho mekundu.

"Walikuuliza?"

"Waliuliza nilikuwa wapi."

"Ukasemaje?"

"Nilikuwa na mama."

"Basi? Hayo tu?"

"Baba, si ndiko nilikokuwa?"

Na ni kweli, ndiko alikokuwa. Nikamshika mkono kama alipokuwa darasa la kwanza, naye hakuutoa.

Muhula ule wameuweka kando. Anaingia mwaka wa pili. Takwimu atairudia, na anasema safari hii atamsaidia mwalimu. Jana aliimba jikoni kwa Kizulu chake cha mtaani. Nyumba ilikuwa haijasikia wimbo tangu uondoke. Nikatoka uani nikajifanya nakagua tangi la maji.

Wiki ile ya mwisho ulininong'oneza, "Namchelewesha mtoto." Nikakutengenezea mto, kwa kukosa jibu. Sasa ninalo. Walitaka manane, yeye ana tisa. Hata angefaulu yale manne yote, angeingia mwaka huohuo wa pili. Nimerudia hesabu kwa kalamu, nikarudia kwa kikokotoo, inatoka ileile.

Hukumchelewesha, mama. Hata siku moja. Pumzika.

Mumeo,
Baba Neema