Mlango wa Akina Mama

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Miguu imepunguza kuuma? Na mvua ya Muheza imekuachia jua la kuanika mihogo? Sisi tupo. Neema anaota meno ya juu, halali, kwa hiyo nami silali.

Najua Mjomba wa Maisaka alikupigia simu kwamba nimewatukana wazee wa kanisa. Ukaniambia "kaombe radhi", ukakata. Ndiyo maana naandika. Kwenye karatasi hutaweza kunikatia.

Kanisa letu la Anglikana hapa Babati si kama la huko nyumbani. Hata padri wanamwita mchungaji. Limejengwa kwa mawe ya chini ya mlima Kwaraa, yakashikwa kwa udongo na kupakwa chokaa. Kila ukuta ni kuta mbili zilizobanana, katikati kokoto, na pengine patupu. Mbele kuna mlango mkubwa wa upinde, kengele juu yake. Ubavuni, upande wa ziwa, kuna mlango mdogo. Zamani wanaume walikaa kulia na wanawake kushoto, na huo ndio ulikuwa wetu. Jirani yangu Mama Tluway anasema mama yake alikuwa kati ya waliobeba mawe yale kichwani. Wajenzi walitaka mlango mmoja tu. Wanawake wakatua mawe, wakakaa juu yake, wakauliza, "Mtoto akilia, tupite mbele ya wanaume wote?" Mpaka leo wenye watoto wachanga tunakaa pale.

Sasa kamati ya ujenzi ikaamua mlango mkubwa upanuliwe, harusi zipendeze, na ule mdogo uzibwe, pawe ofisi. Fundi waliyempata ni Baba Neema. Nilimwambia aiache hiyo kazi. "Kazi ni kazi, Mama Neema," akasema. Jumamosi alishinda akigonga upinde, jioni akapanga matofali mlangoni kwetu hadi kiunoni.

Jumapili, katikati ya mahubiri, tukasikia kitu kinavuma. Mzee Elia, mwenyekiti wa kamati, akaenda kupunguza spika. Ikavuma. Akaizima. Mama, ikazidi! Mchungaji akasema, "Mzee, hebu chomoa waya." Akachomoa, akauinua tuuone, watu wakacheka. Ndipo nyuki walipomwagika kutoka ndani ya ukuta, juu ya upinde.

Walio karibu na mlango mkubwa walichomoka, nyuki wakawafuata. Sisi tukakimbilia mlango wetu, tukakuta matofali. Nilimfunika Neema kwa kitenge mpaka nikaogopa atakosa hewa. Dada mmoja mjamzito alishindwa kuruka, akabaki kaning'ang'ania gauni. Nikapiga kelele, "Baba Neema, bomoa!" Alikuwa ameshatoka. Nikamsikia upande wa nje, anayapiga matofali kwa bega na mikono mitupu. Saruji ilikuwa haijashika, namshukuru Mungu. Tukatoka. Neema alichomwa sikioni tu. Baba yake walimchoma hata ndani ya nywele. Alilazwa, sasa yuko nyumbani, mkono wa kulia umevimba. Nalisha uji watu wawili.

Nyuki walipokwisha kuondolewa, Mzee Elia akaja kutupa pole. Akanywa chai, halafu akasema, "Basi Ijumaa fundi mwingine anamalizia kuziba." Mama, Ijumaa nilienda. Nikakaa kizingitini, nikamnyonyesha mtoto.

"Mama Neema, toka hapo watu wafanye kazi."

"Nanyonyesha, mzee."

"Utanyonyesha mpaka saa ngapi?"

"Muulize Neema."

Fundi na wasaidizi wake wakaangua kicheko. Mzee Elia hakucheka. "Na mume wako, unadhani nani atampa kazi tena mji huu?" Hapo niliogopa, sikufichi. Lakini nikamjibu, "Mlango huu utauziba nikiwa ndani yake." Hayo ndiyo matusi aliyosimuliwa Mjomba.

Wakaondoka. Jumapili hii, baada ya ibada, waumini wote wataamua kuhusu mlango, na Baba Neema ataitwa aseme. Asubuhi nilimuuliza atasema nini.

"Nitasema sikujua kama kuna watu wanautumia."

"Mimi napita pale kila Jumapili na mtoto wako!"

Akasema, "Sisi wanaume tunakaa tunaangalia mbele."

Sijui kama atayasema hayo mbele ya Mzee Elia. Kazi tunaihitaji, najua. Lakini radhi sitaomba, Mama. Kwa heshima yote, sitaomba. Wakiuziba, nitakaa na Neema nje ya ukuta huo huo, na sala nitaitikia kwa sauti mpaka wanisikie ndani. Niombee, ila usiniombee ninyamaze.

Msalimie Baba Mkubwa, mpiga kengele wetu, na Shangazi wa cherehani. Mdogo wangu Upendo mwambie asome. Bibi mshikie miguu kwa niaba yangu.

Ni mimi mwanao, bado nakusikiliza katika mengine yote,

Esta