Tope la Kituo cha Tisa

Kirua Vunjo,
6 Septemba 2023

Mwanangu Magreth,

Natumaini u mzima huko Mwanza. Sisi tunaendelea, ila masikio yangu yameziba kabisa. Simu kwangu sasa ni mtetemo tu. Niandikie barua, umpe dereva wa basi. Baba yako mdogo Fabian atachukua barua pale Himo.

Fabian ameniambia kwamba kazi yako ni kuhesabu wadudu walio chini ya ziwa. Nilikaa nikawaza. Kaka yako Wenseslaus alizama na mtumbwi wa dagaa miaka sita iliyopita, na hatukumpata. Babu yako amelala kihambani, shamba letu la ukoo, baba yako naye amelala hapo, na pembeni yao, kabla ya migomba, pana nafasi ambayo sijapanda kitu. Wazee wa ukoo wamekubali tuzike udongo wa mahali alipolala. Utuletee Desemba, watu wote wakiwa nyumbani.

Na hao wadudu wako, wanamgusa?

Mama yako,
Justina

Mwanza,
20 Septemba 2023

Mama, shikamoo.

Barua imefika pamoja na ndizi. Zilizopondeka ni mbili tu. Nina afya njema. Pole kwa masikio.

Nakujibu kama ulivyouliza. Tunachohesabu ni mabuu ya usubi, vijinyoo vyekundu vyembamba kama uzi. Vinaishi ndani ya tope na kula vilivyooza vinavyoshuka kutoka juu. Vikikomaa hupanda, huota mabawa, na asubuhi wingu lao husimama juu ya maji kama moshi. Kwa hiyo ndiyo, mama, wanamgusa. Hawachagui.

Wavuvi wanapajua pale mtumbwi ulipozamia. Nitachota hapo.

Mwanao,
Magreth

Kirua Vunjo,
15 Oktoba 2023

Mwanangu,

Marahaba. Asante kwa kutonificha.

Nimeota ziwa limepanda mlima hadi kwetu. Migomba ilisimama ndani ya maji, na Wenseslaus alikuwa akitembea chini, katikati ya mashina, taratibu. Hakuwa na huzuni. Alikuwa akitafuta mlango.

Padri amekubali tarehe 28 Desemba. Ndizi za kupikia pombe ya mbege zimeshatengwa. Usishindwe.

Mama yako

Mwanza,
12 Novemba 2023

Mama, shikamoo. Natumaini baridi imepungua.

Nimeshindwa. Chombo chetu cha kuchotea tope ni sanduku la chuma lenye taya mbili. Nimelishusha mara tano pale walipoonyesha wavuvi, na mara tano limerudi tupu. Chini ni mwamba. Hakuna tope wala buu hata mmoja.

Kitu laini kikianguka pale hakikai, mkondo hukiteremsha. Kilomita mbili kusini pana bonde, ndicho kituo chetu cha tisa. Kwenye mchanga wa njiani nilipata mabuu sita kwa mchoto mmoja. Bondeni nilipata mia mbili na kumi na nne. Wanajaa pale kwa sababu chakula kinatua pale. Siwezi kusema Wenseslaus yuko hapo. Ninachojua ni kwamba hapo ndipo ziwa linapoweka vitu vyake.

Ningeweza kukuletea tope lolote, usingejua. Sitaki. Amua wewe.

Mwanao

Kirua Vunjo,
25 Novemba 2023

Magreth,

Miezi tisa nilimbeba bila kumwona. Chota hapo penye vijinyoo vingi.

Mama

Mwanza,
21 Desemba 2023

Mama, shikamoo.

Ndoo iko kwenye basi la leo. Kifuniko nimekitoboa matundu madogo, Fabian aishike wima. Kipimo cha mwisho cha mwaka ni tarehe 27, na kikikosekana kazi ya mwaka mzima inaharibika. Sitakuwepo. Nisamehe.

Kawaida tope tunalichuja hadi wabaki mabuu peke yao. Hili sikulichuja. Nahodha wetu Rajabu, mtoto wa Moshi mjini, aliniuliza, "Dada, mwaka mzima unachota tope, leo ndiyo unalililia?" Nilipomweleza alizima injini, akavua kofia, akaishika mpaka sanduku lilipopanda.

Mwanao

Kirua Vunjo,
30 Desemba 2023

Mwanangu Magreth,

Sote tu wazima, ila miguu imechoka kwa wageni.

Ndoo ilifika salama. Mzee Rogath, mkubwa wa ukoo, aliinama karibu nami nisome midomo yake. Akauliza, "Huyu ndiye?" Nikamjibu kwamba Magreth hasemi ndiye, anasema ziwa huweka vitu vyake hapo. Akafikiri, kisha akasema, "Tumeshaamini makubwa kwa ushahidi mdogo kuliko huo."

Nilifunua ndoo mwenyewe, kaburini. Usubi walikuwa wamesimama chini ya kifuniko. Si wengi, labda arobaini, wewe ungewahesabu. Walipanda mmoja mmoja, wakaingia kwenye majani ya migomba. Shangazi yako Veronika alitaka kuwafukuza kwa khanga, nikamshika mkono. Padri naye akafunga kitabu akangoja.

Alipotoka wa mwisho nikamimina tope, ndipo nikawaambia wamfukie.

Mama yako,
Justina