Koti la Faustin la Kupandia Karisimbi

Jumatano, Gikondo, Kigali. Mvua imeanza kabla sijafungua kibanda changu cha kushonea, na mpaka jioni hii haijakoma. Nguo niliyovaa asubuhi inaning'inia nyuma ya mlango, inachuruzika.

Nina jambo la kuungama. Sikuliungama mara lilipotakiwa, kwa hiyo naliandika lote hapa.

Kiangazi kilipoanza alinijia mteja anaitwa Faustin. Anaishi Musanze, ana miaka arobaini na kitu, na kazi yake ni kuwabebea mizigo watu wanaopanda mlima Karisimbi. Siku ya kwanza wanafika kambini na kulala kwenye mahema, siku ya pili wanaenda kileleni na kushuka. Amekulia Goma, ndiyo maana tunaongea Kiswahili, yeye chake na mimi changu cha Tabora nilikolelewa. Zamani alikuwa anavaa makoti ya caguwa, yaani mitumba, lakini siku hizi yamekuwa adimu. Alikuja na kitambaa chake mwenyewe kisichopitisha maji.

"Mama Shamsa, unifanyie kubwa," aliniambia. "Isinibane. Na ndani usiweke kitu ya kunywa maji. Hata ikiwa mubaya, haina neno."

Nikaitikia, kisha nikafanya nilivyotaka mimi.

Baba alikuwa akishona suti za harusi, na aliponifundisha kupima alisema mteja asimame wima, mikono chini, atazame mbele. Hivyo ndivyo nilivyompima Faustin, kama bwana harusi. Hata hivyo koti lilitoka pana, nikaona aibu litoke kwangu likiwa kama gunia, na jina langu liko kwenye kola. Nikapunguza kiuno. Nikapandisha pindo. Ndani nikatia bitana ya pamba laini, ya buluu, iliyobaki kwenye kazi nyingine.

Aliigusa ile bitana, akanitazama. Nikamwambia itampa joto. Akaniamini. Alipotoka nje amelivaa, mafundi wa gereji ya jirani walimpigia miluzi, na mimi nikajiona fundi kwelikweli.

Leo amelirudisha, limefuliwa na kukunjwa vizuri. Anaomba nifupishe mikono limtoshe shemeji yake, ambaye anachukua nafasi yake kwenye kundi la wabeba mizigo. Kiangazi chote koti halikumsumbua. Wiki mbili zilizopita ndipo mvua ya kwanza ikawanyeshea njia nzima. Alifika kambini mgongo wote umeloa, anatetemeka, vidole havikuweza hata kufungua zipu. Kulipopambazuka wenzake wawili walimshusha, na kiongozi wao akamwambia umri umefika, apumzike.

"Koti iko muzuri, mama," alisema. "Ni miye ndiye nimezeeka."

Nikafungua daftari la vipimo.

Nilikuwa nimeshajua. Alipotamka mgongo tu, nilijua. Bado nikaandika vipimo vya shemeji kwenye daftari, nikamtakia safari njema. Mtu amebeba mizigo kwenye mlima ule miaka kumi na minane, nami nikamwacha aende akiamini mwili wake umekwisha, ili mimi nibaki fundi hodari.

Alipoondoka nililivaa mwenyewe. Nikajitwisha mfuko wa vitambaa mgongoni, nikainua mikono kama mtu anayeshika tawi juu ya kichwa. Koti likapanda lote hadi mbavuni, kiuno kikabaki wazi. Nikatoka mvuani nikasimama hivyo hivyo, mafundi wa gereji wananitazama. Maji yakaingia, pamba ikayanywa, na baada ya muda mfupi nilikuwa natetemeka hapa Gikondo, ambako hakuna baridi ya kusema.

Mpandaji hataki nguo ya kusimama nayo. Anataka nguo inayobaki chini mikono ikienda juu, ambayo mzigo hauisukumi na maji hayaigeuzi kuwa mzigo wa pili. Hajali inavyomkaa, maana huko juu kila mtu anatazama anapokanyaga. Faustin aliniambia yote hayo siku ya kwanza, na mimi nilikuwa nashughulika na kiuno.

Nikachukua moto, yaani pikipiki ya abiria, hadi stendi ya Nyabugogo, na koti lenyewe kwenye mfuko. Nilimkuta kwenye foleni ya basi la Musanze. Nikasema pale pale mbele ya watu, kwa sababu najijua, ningesubiri faragha ningeghairi.

"Hujazeeka, Faustin. Ni koti. Ni mimi."

Nikamweleza kiuno, pindo na bitana. Alilichukua koti, akaligeuza ndani nje, akalitazama muda mrefu.

"Wiki mbili," akasema, "nakaa kwa nyumba, bibi yangu ananipikia uji kama mugonjwa."

Hakunifokea. Ningependa angenifokea.

Nikaomba namba ya kiongozi wao, nikapiga, nikarudia kila kitu. Yule bwana akasema atampandisha safari moja tu, amwone. Zaidi ya hapo hakuahidi kitu.

Basi likaondoka bila Faustin. Futi ya kupimia ilikuwa bado shingoni mwangu, nilisahau kuivua. Mchukuzi mmoja wa stendi akatuazima gunia la viazi, Faustin akalibeba mgongoni, akainama, akainua mikono yote miwili katikati ya abiria, nami nikampima upya kuanzia mwanzo. Watu walicheka. Sisi hatukucheka.

"Inua tena," nikamwambia. "Kama unashika mti."

Akainua.

Sasa koti liko mezani, nimelifumua. Bitana imekuwa tambara la kufutia cherehani. Kitambaa chake kilichobaki kinatosha kurefusha mgongo na kupanua kwapani. Litakuwa pana, litakuwa baya, na jina langu litabaki kwenye kola.

Anapanda Jumamosi ya wiki ijayo. Kama mvua itanyesha huko, je, mgongo wake utakuwa mkavu? Sitajua mpaka ashuke.